Helios ya Mrusi au 50 ya Canon: uchambuzi wa kisa cha lenzi moja kwa mahafali na harusi Dodoma

Mpigapicha mmoja wa Dodoma ana Canon EOS 700D na lenzi ya kit, ile inayouzwa pamoja na kamera, ya mm 18–55. Msimu wa mahafali, asubuhi anapiga wahitimu wa Chuo Kikuu cha Dodoma na wale wanaoshuka Nyerere Square na familia zao. Jioni ana harusi au sendofu kwenye kumbi za mjini. Lenzi ya kit imemfikisha mwisho. Ukiivuta hadi mm 55, tundu lake la kuingizia mwanga halifunguki zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana). Nyuma ya mhitimu kila kitu kinasomeka, mpaka namba za bodaboda zilizoegeshwa, na ukumbini ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, inapandishwa hadi uso wa bibi harusi unajaa chenga. Fedha aliyonayo inatosha lenzi moja tu.

Alizokuwa nazo mbele yake ni mbili. Ya kwanza ni Helios 44-2, mm 58 f/2, lenzi ya Kisovieti iliyouzwa kwa wingi sana ikiwa imefungwa kwenye kamera za Zenit. Muuzaji yuko Dar es Salaam, na bei yake pamoja na adapta ya kuifunga kwenye Canon inakaribia theluthi mbili ya bei ya lenzi ya pili. Ya pili ni Canon EF mm 50 f/1.8 STM (STM ni aina ya mota ya fokasi otomatiki), toleo lililotoka mwaka 2015, ya mtumba, ipo hapahapa mjini na inaweza kujaribiwa kabla ya kulipiwa.

Helios ilimvuta kwa sababu inayoeleweka. Picha zake mtandaoni zina nyuma inayozunguka, majani na taa vikijipanga duara kumzunguka mtu. Muuzaji naye alimhakikishia kwenye simu: "Dada, hiyo ni ya Mrusi. Chuma tupu, haifi." Kwa upande wa chuma alisema kweli. Swali alilobaki nalo mpigapicha lilikuwa ipi kati ya hizo inatoa picha nzuri zaidi, na tukiishia kwenye swali hilo Helios inaweza kushinda. Kwa kazi yake lilikuwa swali lisilomsaidia. La kumsaidia ni hili: anayepigwa atatulia mpaka fokasi ikamilike, na akishindwa kutulia, tukio linarudiwa? Mhitimu chini ya mti anarudia pozi mara kumi bila kuchoka. Bibi harusi haingii ukumbini mara mbili.

Kinachoonekana kwenye kidirisha na kinachoingia kwenye sensa

Kabla ya lenzi, tuanze na bodi, kwa sababu ndiyo iliyoamua nusu ya kisa hiki.

700D ni kamera yenye kioo cha ndani, sensa ya ukubwa wa APS-C, ndogo kuliko ile ya kamera kubwa, na megapikseli 18. Kidirisha chake cha kuchungulia ni kidogo: kinaonyesha takribani asilimia 95 ya picha, na mwanga unakifikia kupitia vioo vilivyopangwa badala ya prizimu nzima ya kioo. Kioo cha kufokasia kilichomo kimetengenezwa kiwe angavu kwa wenye lenzi za kit. Uangavu huo una gharama yake: hakionyeshi kina halisi cha fokasi cha f/2, yaani umbali wa mbele na nyuma unaobaki safi. Unachokiona kinakaribia kile cha f/2.8 au hata f/4.

Hili linathibitishwa kwa jaribio la nusu dakika, na Helios ndiyo lenzi nzuri ya kulifanyia kwa sababu tundu lake linafungwa kwa mkono. Elekeza kamera kwenye kitu chenye mwanga wa kawaida, chungulia, kisha zungusha pete ya tundu polepole kutoka f/2 kwenda f/2.8. Picha ndani ya kidirisha haiingii giza, wala nyuma haibadiliki. Mwanga unaofika kwenye sensa umeshapungua nusu, lakini jicho halikuambiwa. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuzungusha pete ya fokasi, akaona macho ya mhitimu yako safi kabisa, akapiga, kisha nyumbani kwenye kompyuta akakuta fokasi iko masikioni. Hakukosea kuangalia. Kidirisha ndicho kilichomwonyesha kina kikubwa kuliko kilichokuwepo.

Kamera za fokasi ya mkono za zamani zilikuwa na kioo cha kufokasia chenye duara katikati, picha inakatika vipande viwili na kuungana fokasi inapokaa sawa. Zenit nyingi hazikuwa na hata hicho, lakini kioo chao kilikuwa cha chenga kubwa kinachoonyesha fokasi vizuri. 700D haikutengenezwa ili mtumiaji abadilishe kioo hicho.

Njia iliyobaki ni skrini ya nyuma. Ukiwasha Live View na kukuza mara 5 kisha mara 10 juu ya jicho, Helios inafokasi kwa usahihi wa hali ya juu kuliko hata fokasi otomatiki ya kamera hiyo, kwa sababu unaangalia sensa yenyewe. Lakini fikiria hali ya Dodoma. Jua la saa sita linaifanya skrini isisomeke bila kufunika kichwa na kamera kwa kitambaa. Betri ya LP-E8 kwa Live View inatoa chini ya nusu ya picha inazotoa kwa kidirisha. Na ukishakuza mara 10, mtu akisogea kichwa kidogo tu anatoka nje ya skrini na unaanza kumtafuta upya.

Asubuhi chini ya mwarobaini

Kabla ya kulipa, mpigapicha huyu aliazima Helios ya mwenzake kwa Jumamosi moja yenye kazi zote mbili. Ni uamuzi mzuri kuliko kusoma maoni ya watu, maana kazi ya mtu ndiyo inayoipima lenzi.

Asubuhi Helios ilimpa alichokitaka, baada ya kujifunza masharti yake. Ule mzunguko wa nyuma hautokei popote. Unatokana na muundo wa lenzi yenyewe, ambao ni nakala ya Biotar mm 58 ya Carl Zeiss Jena: vipande 6 vya kioo katika makundi 4. Pembeni mwa picha, nukta za mwanga zilizo nje ya fokasi hukatwa na kingo za lenzi, zikawa na umbo la jicho la paka badala ya duara, na kila moja hulala ikiifuata duara ya picha. Ili zionekane lazima ziwepo. Ukuta mtupu hauzunguki. Anga haizunguki. Kinachozunguka ni mwanga uliotobolewa na majani madogo, na kwa Dodoma mwarobaini ndio unaofaa kuliko yote, kwa sababu hauachi majani wakati wa kiangazi kama mbuyu.

Mpangilio uliofanya kazi: mhitimu mita 1.5 hadi 2 kutoka kwenye kamera, majani mita 5 au zaidi nyuma yake, jua likiwa nyuma ya majani, tundu f/2. Hata hivyo sensa ya APS-C inachukua sehemu ya katikati tu ya picha ya lenzi, na mzunguko wenye nguvu uko pembeni, kwa hiyo 700D inapata nusu-nusu ya zile picha za mtandaoni ambazo nyingi zimepigwa kwa sensa kubwa. Hili wauzaji hawalisemi. Mm 58 nayo kwenye bodi hiyo inakuwa na upana wa kuona wa mm 93, na mm 50 inakuwa 80. Kwa kupiga uso na mabega ni nzuri zote mbili. Kwa familia ya watu tisa unarudi nyuma hadi ukutani, na ndiyo maana lenzi ya kit haiuzwi.

Jua lilipopanda likaja tatizo la kasi ya shata. Kwa anga isiyo na wingu, ISO 100 kwenye f/16 inahitaji kama 1/100 ya sekunde. Kutoka f/16 hadi f/2 ni hatua 6, kila moja ikizidisha mwanga mara mbili, kwa hiyo shata inatakiwa kufika 1/6400, na 700D inaishia 1/4000. Shela nyeupe au shati jeupe chini ya joho linaungua, maelezo yake hayarudi hata kwa kuhariri. Kuna njia tatu: kuhamia kivulini, kufunga hadi f/2.8 na kupoteza sehemu ya mzunguko, au kufunga filta ya ND8 inayokata hatua 3 na kuishusha shata hadi 1/800. Helios 44-2 na ile ya Canon zote zina nyuzi za filta za mm 49, hivyo ND8 moja inatumika kwa lenzi yoyote atakayochagua. Tatizo hili ni la zote mbili, kwa f/1.8 linazidi kidogo.

Tatizo ambalo ni la Helios peke yake ni mwanga wa mbele. Mipako ya kioo chake ni ya kizamani, na jua likigusa kioo cha mbele picha nzima inafifia, weusi wa joho unageuka kijivu. Wengine wanaupenda ukungu huo. Mteja anayetaka joho liwe jeusi hataupenda. Kofia ya mpira ya mm 49 inasaidia, na kiganja cha mkono wa kushoto juu ya lenzi kinasaidia pia, isipokuwa kiganja hicho ndicho kinachotakiwa kuzungusha pete.

Kisha kuna namna ya kutumia tundu lenyewe. 44-2 ina pete mbili: moja unaiwekea kikomo, mfano f/4, na nyingine inazunguka bila kukwama kati ya f/2 na kikomo hicho. Unafungua hadi f/2 ili uone, unafokasi, unafunga hadi pete igome, unapiga. Baada ya nusu saa mkono unazoea. Kinachoharibika ni kwamba pete ile huru inasogea yenyewe mkono unapohama kwenye pete ya fokasi, na kamera haijui lolote: skrini inaonyesha namba 00 mahali pa tundu. Picha zinaanza kuwa nyeusi kidogo kidogo na mpigaji anadhani ni wingu. Mita ya kamera nayo inapotoka ukifunga tundu, kwa hiyo kamera iwe M (kila kitu kwa mkono), upige moja ya majaribio, uangalie histogramu, ile grafu ya mwanga, kisha mipangilio isiguswe mpaka mwanga ubadilike.

Kwa pozi, basi, Helios ilifaa. Kilichokosekana asubuhi ile ni vitu viwili: kofia zilizorushwa, na mama mmoja aliyetoka mbio na vigelegele kumkumbatia mwanawe. Vyote vimepigwa. Hakuna kilicho kwenye fokasi.

Fremu moja ya ukumbini

Jioni ilimaliza ubishi, na inatosha kuangalia fremu moja.

Mshereheshaji ameita, muziki umepanda, maharusi wanaingia wakicheza, kamati mbele na nyuma yao. Mpigapicha yuko umbali wa mita 3, Helios iko f/2, ISO 3200, shata 1/160. Kwenye picha iliyotoka, ua lililobanwa begani mwa bibi harusi lina kila uzi wake, na macho yake yamelainika kama yamepakwa mafuta. Ukubwa wa kosa: kama sentimita 15.

Hesabu inaonyesha kwa nini lilikuwa lazima litokee. Kwa sensa ya APS-C, mm 58 kwenye f/2 kwa umbali wa mita 3 ina kina cha fokasi cha sentimita 20 hivi, sehemu 10 mbele na 10 nyuma. Kwa mita 2 kinabaki sentimita 9. Kwa mita 1.5 ni 5. Mtu anayecheza akija mbele polepole, nusu mita kwa sekunde, anazimaliza zile sentimita 10 kwa sehemu moja ya tano ya sekunde. Ndani ya muda huo jicho linatakiwa kugundua, mkono uzungushe, kidole kibonye. Pete ya Helios ina mwendo mrefu, zaidi ya nusu mzunguko kutoka mwisho hadi mwisho, kitu kinachosaidia sana kwa pozi na kinachochelewesha sana kwa mtu anayetembea. Ongeza kidirisha kisichoonyesha kina halisi, na taa za ukumbi zinazobadilika rangi kila sekunde. Mafundi wa zamani walivuka hapa kwa kufunga tundu hadi f/8, kuwasha flashi, na kuiacha fokasi kwenye mita 3 bila kuigusa. Njia hiyo bado inafanya kazi leo. Ila kwa f/8 na flashi ya moja kwa moja, lenzi ya kit aliyonayo inatoa picha ileile, na hakukuwa na sababu ya kununua nyingine.

Flashi nayo ina neno. Kupitia adapta isiyo na chipu, kipimo cha flashi cha otomatiki hakiaminiki. Iwekwe kwa mkono, uanze 1/16 ikiwa imeelekezwa kwenye dari jeupe la chini, 1/4 kama dari ni refu, kisha urekebishe.

STM nayo ina masharti yake

Kosa ambalo wengi wanafanya baada ya kusoma hapa ni kudhani kwamba neno otomatiki limemaliza kazi. 700D ina nukta 9 za fokasi, na haina ile menyu ya kurekebisha fokasi kwa kila lenzi ambayo kamera kubwa za Canon wanayo. Maana yake: kama lenzi unayonunua inafokasi sentimita 3 nyuma kwenye bodi yako, utaishi nayo hivyo. Kwa lenzi ya mtumba hili ndilo la kukagua kwanza, kabla hata ya mikwaruzo.

Jaribio ni la dukani, linahitaji chupa tano za soda. Zipange mshazari juu ya meza, kila moja ikiwa nyuma ya mwenzake kwa sentimita 4. Kamera iwe juu ya kitu kilichotulia, umbali wa mita 1.5, f/1.8, nukta ya katikati kwenye lebo ya chupa ya tatu. Fokasi kwa kidirisha, piga. Haribu fokasi kwa kuzungusha pete, fokasi tena, piga. Rudia mara tano au sita. Kisha piga nyingine kwa Live View. Ikiwa ya Live View ina chupa ya tatu safi na zile za kidirisha zote zina ya nne safi, lenzi na bodi havielewani, mwachie mwenyewe. Zikitawanyika, moja ya pili, nyingine ya nne, shida ni mwanga mdogo au mota iliyochoka. Hamia penye mwanga urudie. Yake ilisimama kwenye chupa ya tatu.

Ukaguzi wa pili ni mrija wa mbele. STM hufokasi kwa kusogeza vioo vyake vyote kwa pamoja, na mrija mdogo unatoka nje ukifokasi karibu. Ukigongwa ukiwa nje, meno ya ndani yanaumia. Sikiliza: mlio mwembamba na laini ni wa kawaida, mkwaruzo au kigugumizi si wa kawaida. Pete ya fokasi haijaunganishwa na kioo moja kwa moja, inatuma amri kwa mota, kwa hiyo kamera ikiwa imezimwa pete haifanyi kitu. Kabla ya kuzima, fokasi mbali ili mrija uingie ndani, ndipo uweke begani.

Ukumbini lenzi hii ilikosa pia, na sababu zilikuwa tatu. Ya kwanza ni nukta ya fokasi kuwekwa kwenye joho au suti nyeusi. Fokasi ya kamera inatafuta mpaka kati ya weusi na weupe. Kitambaa kisicho na mpaka hakina cha kushika, na lenzi inakwenda mbele na kurudi bila kutulia. Weka nukta penye ukingo: kola na shingo, hereni, nywele na paji la uso. Ya pili ni giza. Nukta ya katikati ndiyo yenye nguvu kuliko zote kwa lenzi ya f/2.8 au pana zaidi, hivyo kwenye giza tumia hiyo, na flashi ya nje yenye taa nyekundu ya kusaidia fokasi inafanya tofauti kubwa.

Ya tatu ni ile tabia ya kufokasi kwa nukta ya katikati juu ya jicho kisha kuinamisha kamera ili kupanga picha. Kwa f/5.6 haina madhara. Kwa f/1.8 kwenye mita 1.5, kina chote ni sentimita 6, yaani 3 mbele na 3 nyuma. Kuinamisha kamera nyuzi 10 peke yake kunaihamisha fokasi sentimita 2.3. Mwili wa mpigaji ukiyumba kidogo, jicho limetoka. Kwa picha za karibu chagua nukta ya pembeni iliyo karibu na jicho tangu mwanzo. Nukta zote 9 za 700D zinashika mistari ya wima na ya mlalo, basi hakuna sababu ya kuziogopa.

Mita 3 kwenye f/2, STM ina kina cha sentimita 27, na hali ya AI Servo inamfuata anayetembea wakati kitufe kimebanwa nusu. Hapo ndipo fedha inarudi.

Uamuzi

Alinunua STM, na kwa maoni yetu ndio uamuzi sahihi kwa bodi hiyo na kazi hizo. Kinachoongoza ni kwamba sehemu ya kazi anayolipwa zaidi ni matukio yasiyorudiwa. Helios ingempa picha kumi za kupendeza asubuhi na kumnyima kuingia kwa maharusi, kulishana keki na machozi ya shangazi. Kwa mteja wa harusi, hizo za pili ndizo harusi yenyewe.

Jibu lingegeuka kwa mambo machache. Kama kazi yake ingekuwa pozi tu, au bidhaa mezani, au michoro ya miambani kule Kolo, Kondoa, ambako mwamba hausogei na kamera iko kwenye tripodi, Helios na Live View ya mara 10 ingetosha na kuzidi. Kama bodi ingekuwa isiyo na kioo cha ndani, mfano Sony A7, kidirisha chake cha elektroniki kingepaka rangi kingo zilizo kwenye fokasi na kukuza jicho papo hapo. Sehemu kubwa ya malalamiko ya juu ingeanguka, ingawa si ya bibi harusi anayecheza. Na kama bodi ingekuwa Nikon yenye kioo, Helios isingefaa kabisa bila kazi ya ziada: lenzi za M42, mlango wa skrubu wa Helios, zinahitaji mm 45.46 kutoka kwenye mdomo wa lenzi hadi kwenye sensa, Nikon ina 46.5, kwa hiyo fokasi ya mbali haifiki ila kwa adapta yenye kioo ndani, na kioo hicho cha bei rahisi kinaharibu picha. Canon EF ina mm 44, na pengo la mm 1.46 ndilo unene wa adapta.

Unene huo ndipo adapta za bei ya chini zinapoharibu. Ikizidi, fokasi ya mbali haifiki. Ikipungua, pete inapita mbali na alama za mita kwenye lenzi zinadanganya. Elekeza kwenye mnara wa simu ulio mbali, f/2, Live View mara 10, zungusha hadi mwisho: mnara usipokuwa safi, rudisha adapta. Kwa wenye Canon za sensa kubwa kuna jingine, kwamba baadhi ya Helios zikiwekwa fokasi ya mbali nyuma yake hugusa kioo cha ndani. Kwenye 700D hilo halipo.

Anayeamua kuchukua lenzi ya zamani kutoka Dar, Tanga au Zanzibar aikague kwa fangasi kwanza. Unyevu wa pwani ndio unaoilea. Mwambie muuzaji: "Kaka, fungua tundu lote, washa tochi ya simu nyuma ya lenzi, nirekodie video ukiizungusha polepole." Nyuzi kama utando wa buibui ni fangasi. Ukungu wa maziwa ulioenea ni mvuke wa grisi au gundi inayoachia. Vumbi chache ndani hazina neno. Mafuta kwenye majani manane ya tundu si kasoro kubwa kwa 44-2, kwa sababu majani hayo yanasukumwa kwa mkono, hayategemei springi. Ila yakipata joto huvukia kwenye kioo. Hewa kavu ya Dodoma inazuia fangasi isiendelee, lakini mipako iliyokwisha kuliwa hairudi. Na dawa ya kuianika lenzi juani haifai hata kidogo: grisi inayeyuka na kutiririkia kwenye majani, sawa na kuiacha kwenye gari lililofungwa mchana. Pete ya fokasi ikiwa nzito kupita kiasi grisi imekauka. Ikikwaruza, mchanga umeingia kwenye nyuzi, na kila mzunguko unazila zaidi.

Mipangilio aliyobaki nayo ukumbini ni hii: M, f/2.2, 1/160 kwa wanaocheza na 1/100 kwa hotuba, maana taa za umeme wa Hz 50 hupepesa mara 100 kwa sekunde na shata ya kasi zaidi inaweza kuleta mistari. ISO 1600 hadi 3200. AI Servo wakati wa kuingia, One Shot, fokasi inayokaa palepale, wakati wa keki. Nje, miezi ya upepo wa vumbi, lenzi haibadilishwi uwanjani. Mrija wa STM unavuta hewa ukiingia na kutoka, hivyo filta ya kinga ya mm 49 inabaki mbele, na vumbi linapulizwa kwa pampu ya mpira, kamwe si kwa mdomo.

Helios anaweza kuiongeza baadaye kwa picha za mwarobaini, na akihamia Canon za mlango wa RF, zisizo na kioo cha ndani, hatapoteza kitu. Mlango huo una mm 20, adapta ya EF kwenda RF inaongeza 24 na kurudisha zile 44. STM inafanya kazi ya otomatiki kamili juu yake, na fokasi ya kutambua jicho inakuja na bodi. Ileile adapta nyembamba ya M42 inakaa juu ya hiyo, mradi kwenye menyu aruhusu shata kupiga bila lenzi, la sivyo kamera itakataa kupiga na atadhani imeharibika.